Kitufe cha Nyumbani

Dukani Tolosa, Beñat aliviweka mezani kimoja kimoja
kama daktari wa meno apangavyo koleo zake:
hiki kina rangi, hiki unakigusa kwa kidole,
hiki kinakaa na chaji saa ishirini,
hiki kinakuhesabia mapigo ya moyo.
"Moyo wangu naujua," nikamwambia. "Bei je?"
Akaitaja.
Hapo moyo ukapiga hesabu ya peke yake.

"Mimi huvaa glavu," nikasema,
"na mvua ya huku hainyeshi, inahamia.
Skrini ya kugusa itaniona tone jingine tu."
Akacheka, akainama chini ya kaunta,
akaibuka na cha mtumba: vitufe vitano vya mpira,
kimoja kimelika hadi alama imefutika,
kioo kina mkwaruzo kama kovu juu ya jicho.
"Kilikuwa cha mzee mmoja. Kizito, lakini hakidanganyi."
Euro arobaini.
Nikakifunga kwenye usukani, nikatoka nikijiona rubani.

Wiki tatu nilijifunza lugha yake.
Mlio mmoja: kata kona.
Miwili: umeshapotea, Izaro.
Ramani ilikuwa na mshale mweusi, ndio mimi,
na uzi mwembamba, ndiyo nia yangu,
na baina yetu, aghalabu, mita mia hivi
na ua wa miiba.

Kisha Jumapili ile, Aralar.
Ukungu ulishuka bila hodi.
Kondoo wakawa kengele tupu.
Gurudumu la mbele nililiona kwa taabu,
la nyuma nililiamini tu.
Simu, maiti mfukoni.
Betri ya kifaa, asilimia tisa.
Nikakumbuka kitufe kile kilicholika.
Nikakibonyeza, kikaandika:
Nyumbani. Kilomita kumi na moja.
Sikuuliza imekuwaje kumi na moja
ilhali asubuhi nilikuja kwa thelathini na nne.
Anayetetemeka hauhoji moto.

Kushoto. Kulia. Zizi. Kushoto tena,
breki zikilia kama paka mlangoni.
Daraja la mawe nisilolijua.
Mbwa akabweka, kisha akanyamaza ghafla
kama aliyesikia sauti ya mtu wa kwao.
Milio mitatu: Umefika.
Mlango wa kijani.
Wangu ni mwekundu.

"Mlio huo," akasema mzee kabla hata ya salamu.
Joxemiel, soksi za rangi mbili,
uso ukinitafuta kidogo pembeni ya nilipo.
Alikiuza, akasema, siku namba zilipogeuka siafu.
Akanipa maharagwe meusi na mkate,
akakishika kifaa, akakipapasa mgongoni,
akachukua kijiti cha meno, akazibua kitundu
ambacho mimi sikuwahi kukiona.
"Hapa ndipo kinapopumua. Maji yakiziba,
kitakuapia umepanda mlima nawe umekaa jikoni."

Nikamwomba anionyeshe namna ya kufuta.
"Kufuta nini?"
"Hapa kwako."
Akanitajia kwa kichwa, bila kuona, hatua zote:
menyu, chini mara nne, maeneo, shikilia.
Kikauliza: Una uhakika?
Kidole changu kikiwa juu ya Ndiyo
betri ikakata roho.
Tukabaki tunasikiliza sufuria.

Mpwa wake alinirudisha kwa gari la maziwa,
baiskeli imelala kati ya makopo.

Usiku nilikichaji, nikaingiza anwani yangu.
Kikaipokea kwa adabu, kikaiandika: Nyumbani 2.
Nimejaribu kubadilisha. Mara moja. Si kwa bidii sana.
Beñat huniuliza kwa nini kila Jumapili
nashuka upande ule wa mlima, hata jua likiwaka.
Glavu, namwambia.
Kidole huteleza.